Pesa ya Biashara na Pesa ya Nyumba: Mada kwa Wajasiriamali Wanaoanza wa Dilolo

Utangulizi

Waandaaji wa semina hii waliomba mada juu ya fikra za mjasiriamali na mafunzo ya vitendo. Mjasiriamali, kwa maelezo ambayo kila mmoja ukumbini anayajua, ni mtu anayeona hitaji la watu, akakubali kubeba hatari ya hasara, kisha akakusanya mtaji na nguvu kazi ili alijibu hitaji hilo kwa faida. Mtaji ni mali inayotumika kuzaa mali nyingine. Faida ni kinachobaki baada ya gharama zote kulipwa. Maelezo hayo yanatosha kwa leo.

Dilolo na reli

Wilaya yetu inazungumzia treni kuliko jambo lingine lolote, na ina sababu. Reli ya Benguela ilifika mpaka wa Kongo mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1931 ikaunganishwa na reli ya Katanga. Kuanzia hapo shaba ilishuka hadi bandari ya Lobito kwa kupitia Dilolo na, ng'ambo ya mpaka, Luau. Vita vya Angola viliikata njia hiyo mwaka 1975. Wachina waliijenga upya upande wa Angola, na marais wa Angola, Kongo na Zambia wakakutana Luau mwaka 2015 kuizindua. Sasa inaendeshwa na kampuni ya Lobito Atlantic Railway kwa mkataba wa miaka 30, na shehena ya kwanza ya majaribio kutoka mgodi wa Kamoa-Kakula ilitumia kama siku nane tu kufika baharini.

Hayo ni matumaini ya kweli. Lakini ndani ya wilaya hiihii ya Dilolo kuna Kisenge, mji uliosimama juu ya manganizi. Njia ya Benguela ilipofungwa, Kisenge ilikuwa na madini lakini haikuwa na pa kuyapitishia. Kolwezi, mji wa migodi, nako kumeonyesha jambo linalofanana na hilo: mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000, na mwaka uliofuata bei ikaanguka chini ya nusu ya hapo. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi. Anayewauzia chakula wachimbaji huyumba pamoja nao, hata kama hajawahi kugusa jiwe.

Basi fikra ya kwanza ya kumfaa mjasiriamali wa Dilolo ni kwamba treni itapita iwe yeye yuko tayari au hayuko. Kuwa tayari kunaanzia mahali ambapo watu wengi hawapendi kupatazama: sanduku la pesa.

Shida yenyewe: mtaji unaoliwa

Mtoa mada amelisema jambo hili katika semina nyingi, kwa miaka mingi, na analisema tena kwa sababu bado linaua biashara nyingi kuliko ushuru, barabara mbovu na ukosefu wa mikopo. Wafanyabiashara wetu wadogo hawatenganishi pesa ya biashara na pesa ya nyumba. Ni mfuko uleule, kibegi kilekile, simu ileile ya M-Pesa au Airtel Money.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mama anauza unga sokoni. Ananunua mifuko 10, kila mmoja unamgharimu faranga 50,000 pamoja na usafiri. Anauza kwa 56,000. Mkononi alikuwa na 500,000, na akiuza yote atakuwa na 560,000. Faida ni 60,000, na yeye anaijua hesabu hiyo kwa kichwa bila karatasi.

Sasa tuangalie wiki inavyokwenda. Mifuko 3 ameitoa kwa deni: mmoja kwa shemeji, mmoja kwa mwalimu anayesubiri mshahara, mmoja kwa jirani. Mifuko 7 imeuzwa kwa pesa taslimu, yaani 392,000. Mtoto amerudishwa kutoka shule, 30,000. Kuna matanga upande wa mjomba, 25,000. Chakula cha nyumbani, 15,000. Amebaki na 322,000, ambazo zinanunua mifuko 6. Safari ya pili anaanza na mifuko 6 badala ya 10, na bado anaamini anapata faida, kwa sababu kwenye kila mfuko anaouza anaona zile 6,000. Kwa mwendo huo, baada ya safari chache yuko kwa Banque Lambert, yule mkopeshaji wa mtaani ambaye riba yake kila mtu sokoni anaijua na anaiogopa.

Huyu mama si mvivu, wala si mjinga. Anaamka kabla ya jua. Kinachokosekana ni kuona. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba shule na matanga vilitoka kwenye mtaji, wala kwamba faranga 168,000 ziko mikononi mwa watu watatu.

Nchi nzima ilipata somo hili kwa uchungu. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kuwa maduka, mashamba na biashara za wageni zitapewa raia. Baadhi ya waliopewa walijitahidi. Wengi wao waliuza bidhaa zilizokuwa kwenye rafu, wakatumia mauzo kana kwamba ni faida, na rafu zikabaki tupu kwa kuwa pesa ya kununulia mzigo mpya ilikuwa imekwisha. Miaka michache baadaye serikali ilianza kuwarudishia wenyewe wa zamani biashara zao. Wazee wa Dilolo wanaokumbuka maduka ya wakati ule wanaweza kulieleza hili vizuri kuliko kitabu chochote.

Mpakani shida inaongezeka, kwa sababu pesa ni za aina tatu: faranga, dola na kwanza. Katikati ya mwaka 2023 kwanza ya Angola ilishuka, ndani ya wiki chache, kutoka kama 500 hadi zaidi ya 800 kwa dola moja. Aliyemkopesha mteja wa Luau samaki wa kwanza 100,000 mwezi Mei alikuwa anadai kama dola 200. Alipolipwa Julai, kwanza zote zikiwa kamili, alipokea kama dola 120. Mteja alilipa deni lake lote na muuzaji akala hasara, na asipoandika tarehe na bei ya dola ya siku ile hatajua hata pesa zilipotelea wapi.

Itasemwa kwamba kumnyima ndugu si desturi yetu. Ni kweli, na mada hii haimtaki mtu aache matanga wala amkatae mtoto wa dada yake. Ndugu ndio walioweka akiba ya kwanza, na likelemba, ile michango ya zamu, ndiyo iliyomwezesha mama wa soko kununua mfuko wake wa kwanza. Msaada utoke kwenye posho anayojilipa mwenye biashara, kiasi kinachojulikana, kila wiki. Posho ikiisha, imeisha. Ndugu ataelewa akionyeshwa daftari. Ni vigumu aelewe akionyeshwa kibegi kilichojaa noti.

Wafanyabiashara wa Butembo, Kivu Kaskazini, wamejulikana kwa miaka mingi kwa kuunganisha maagizo yao na kujaza kontena moja kutoka Dubai au Guangzhou. Watu huusifu uaminifu wao, na wanastahili sifa. Lakini huwezi kuchangia kontena na mtu asiyejua ni kiasi gani ni chake.

Sheria inasemaje

Hapa mtoa mada anaheshimu mamlaka zote zinazohusika, na anajua kila huduma ina taratibu zake. Hata hivyo ni lazima isemwe kwamba sheria nzuri haziwafikii watu. Kongo ilijiunga mwaka 2012 na OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Sheria za OHADA zina hadhi ya mjasiriamali mdogo, inayoitwa entreprenant, ambaye hutoa tamko la shughuli yake bila malipo. Sheria hiyo inamtaka aandike, siku kwa siku, pesa iliyoingia na ilikotoka, pesa iliyotoka na ilikokwenda, na alitunze daftari hilo miaka 5. Yaani daftari linalopigiwa kelele hapa ni amri ya sheria tayari, na bado muuzaji mdogo hukamatwa kwa karatasi nyingine kumi kabla hajaelezwa hiyo moja.

Vilevile, tangu marekebisho ya Kanuni ya Familia ya mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili afanye biashara. Wapo wanaoendelea kuidai ruhusa hiyo. Si haki.

Mapendekezo

Inapendekezwa kwamba kila anayeanza awe na daftari moja na laini mbili za simu, moja ya biashara na moja ya nyumba. Inapendekezwa ajilipe posho, aiandike, na asiguse zaidi. Madeni yapewe ukurasa wake: jina, tarehe, kiasi, na kwa mpakani bei ya dola siku hiyo. Asikopeshe kwa kwanza mzigo alioununua kwa dola.

Inapendekezwa kwa familia kwamba mke na mume wakae pamoja mara moja kwa wiki mbele ya daftari. Mume asichukue kwenye sanduku la mke, wala mke kwenye la mume, bila kuandika.

Kwa wanaongoja zabuni za reli na migodi: sheria namba 17/001 ya Februari 2017 imewatengea Wakongo ukandarasi mdogo. Kampuni kubwa itaomba hesabu, na asiyekuwa na daftari hana cha kuonyesha. Ni yaleyale ya mama wa unga, kwa tarakimu kubwa zaidi. Tena mteja mmoja asibebe biashara nzima; Kisenge iko karibu, na yeyote anaweza kwenda kuitazama.

Kwa mamlaka, kwa heshima: tamko la entreprenant lipokelewe hapahapa Dilolo. Kumtuma muuza samaki Kolwezi, zaidi ya kilomita 400, kwa karatasi ambayo sheria inasema ni ya bure, ni kumlia mtaji wake kabla hajaanza. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, na orodha ya ada halali ibandikwe sokoni na mpakani mahali pa kuonekana. Agizo la mwaka 2002 lilipunguza huduma za mpakani hadi nne, nalo libandikwe hapo.

Kwa wanaotoa mikopo na ruzuku, wakiwemo wanaotekeleza sheria ya Septemba 2022 ya kukuza ujasiriamali: wapime daftari la miezi mitatu kabla ya mpango mzuri wa biashara uliochapwa na mtu mwingine. Pesa kubwa ikiingia kwenye kibegi kisichotenganishwa italiwa kama ndogo ilivyoliwa.

Na kwa waandaaji: semina ya siku moja haitoshi. Kila mshiriki apewe daftari leo, arudi nalo baada ya miezi mitatu, na itengwe siku nzima ya kulisoma pamoja naye, ukurasa kwa ukurasa, mezani kwa watu wawili tu ili asiaibike mbele ya wengine.