Gato moja, upande wa iliki na upande wa kakao

Maneno tuliyosema mbele ya wamama wa kikundi cha upishi, kwenye mukutano wa chama, Baraka



Leo hatukuja na karatasi za kujaza. Nyinyi wenyewe njo mulituita, juu ya shida moja inayorudi kila mara. Muteja anakuja na makuta ya gato moja ya ndoa, lakini nyumbani kwake hawasikilizane. Wale waliokaa Nyarugusu miaka mingi wanataka gato inayonukia iliki, vile walizoea kule Tanzania. Wale waliobaki huku, ama waliokimbilia Uvira na Bukavu, wanataka kakao. Muteja anasema: "Mama, gato mbili siwezi, makuta haitoshi." Anatoka, anaenda kwingine. Na sanduku ya chama, ile inayosaidia wagonjwa na wenye matanga, inabaki vilevile.

Jibu iko: sufuria moja, gato moja, ladha mbili zikilala bega kwa bega. Si ile ya kuzungusha kijiko mpaka rangi ziingiliane. Hapa tunataka mustari katikati, iliki huku, kakao kule.

Wenzetu fulani wakisikia habari hii watapenda kusema kwamba gato hii ni mufano wa warudiaji na waliobaki kuishi pamoja. Mutusamehe, hatutaingia huko. Nyinyi munaketi kwenye benchi moja tangu zamani. Kinachokosekana ni wateja.

Sasa tusikilizane vizuri kwa jambo la kwanza, maana hapo njo gato nyingi zinaharibikia. Musipige gato mbili tofauti halafu kuzimwanga ndani ya sufuria moja. Moja itaiva haraka, ingine itabaki mbichi katikati, na mukingojea ile mbichi, ile ya kwanza inakauka kama kipande cha ubao. Pigeni mchanganyiko mumoja tu, halafu muugawe mara mbili.

Kwa sufuria ya kadiri: unga wa ngano vikombe 3, sukari kikombe 1 na nusu, margarini gramu 250, mayai 4, maziwa kikombe 1, chumvi kidogo, na vijiko vya chai 3 vya levire ya gato, si ile ya mukate. Margarini na sukari munazipiga mpaka ziwe nyeupe na laini. Mayai yanaingia moja moja. Kisha unga uliochungwa pamoja na levire, ukipokezana na maziwa. Ukiisha ingiza unga, usipige tena kwa nguvu, gato itakuwa ngumu.

Gawa kwa kupimia kikombe, si kwa macho. Nusu ya kwanza tia kijiko cha chai kimoja cha iliki iliyotwangwa. Ya pili inahitaji vijiko vya mezani 3 vya kakao, lakini musimwage kakao ikiwa kavu. Kakao inakunywa maji. Upande wake utakuwa muzito na hautapanda sawasawa na mwenzake. Ikoroge kwanza na maziwa ya moto kidogo mpaka iwe kama uji muzito, iache ipoe, ndipo uitie. (Kakao inalimwa Beni, hapa kwetu Kongo, lakini kopo la dukani linabaki ghali. Hiyo ni mazungumuzo ya siku ingine.) Halafu inua mwiko katika kila bakuli. Zote mbili sherti zianguke polepole namna moja. Ile nzito ongeza kijiko cha maziwa.

Kwa kugawanya sufuria, kata kartoni ngumu yenye upana wa sufuria, ifunike na karatasi iliyopakwa mafuta, isimamishe katikati. Kazi hii inataka watu wawili. Mumoja anamwanga huku, mwingine kule, kwa wakati mumoja. Ukijaza upande mumoja kwanza, uzito wake unasukuma kartoni na unapita chini. Zikilingana, vuta kartoni juu moja kwa moja, taratibu. Kisha musitikise sufuria wala kuigongesha chini. Mustari ukipinda kidogo, haina neno.

Moto munaujua kuliko sisi: makala kidogo chini, mengi juu ya kifuniko. Tunaongeza tu hili. Hapa kwetu upepo wa ziwa unapiga mbabula upande mumoja, na upande ule unapoa. Kwa gato ya kawaida si shida kubwa. Kwa hii, unaweza kutoa iliki iliyoiva na kakao mbichi. Kwa hiyo wekeni mbabula nyuma ya ukuta, na dakika 30 zikipita, bila kufungua kifuniko, geuzeni sufuria nusu muzunguko. Mara nyingi saa moja inatosha. Musiamini rangi, juu kakao ni nyeusi tangu mwanzo. Chomeni kijiti mara tatu: upande wa iliki, upande wa kakao, na pale kwenye mustari. Vyote vitoke vikavu.

Bei sasa. Moto ni mumoja, mayai na margarini ni vya gato moja. Kilichoongezeka ni kakao na mikono ya mama wa pili. Tunaona ni haki kuongeza hivyo viwili tu juu ya bei ya kawaida. Mukidai bei ya gato mbili, muteja hatarudi. Mukiuza bei ileile, mama wa pili atakuwa amefanya kazi ya bure, na baada ya mwezi hatakuja tena.

Na kabla ya kupokea makuta ya mbele, mumuulize muteja gato itakatwa namna gani. Ukikata kwa kuvuka mustari, kila mugeni anapata iliki na kakao katika kipande kimoja. Ukikata kwa kufuata mustari, kila mutu anachagua yake. Kwa ndoa moja jamaa ya bwana watataka hivi na jamaa ya bibi vile, na hiyo si kazi ya mpishi kuamua. Muandike jibu kwenye kitabu cha oda, pembeni ya jina lake.