Kijiti Kinahitaji Mikono Miwili

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zilizohama makwao na viongozi wao, Bunia, Ituri



Tumekutana kwa ajili ya mbio za amani ambazo maskauti wetu wanataka kuzifanya. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kijana anabeba kijiti chenye ujumbe wa amani, anakimbia sehemu yake, kisha anamkabidhi mwenzake wa kabila lingine.

Jambo hili si geni. Jirani zetu wa Tanzania waliwasha Mwenge wa Uhuru juu ya Kilimanjaro mwaka 1961, na hadi leo wanaukimbiza mkoa kwa mkoa. Katika miaka ya 2000, maskauti wa Burundi, Rwanda na Kongo yetu waliungana katika mpango wa Amahoro Amani. Maneno mawili, maana moja. Vijana walifundishwa kupatanisha watu na kukataa uvumi unaoleta chuki ya kikabila.

Mama mmoja ameniuliza: "Mnataka tena kuwatuma watoto wetu barabarani?"

Mama, swali lako ni la haki. Katika vita vya 1999 hadi 2003, watu wazima waliwapa watoto wa Ituri bunduki. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimkuta Thomas Lubanga na hatia ya kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo. Watoto wale hawakuanzisha vita. Walitumwa. Tena hapa Irumu tunakumbuka Nyankunde mwaka 2002, Bogoro mwaka 2003, na Boga na Tchabi mwaka 2021.

Kwa hiyo tunasema wazi: penye hatari kijiti hakipiti. Kitazunguka ndani ya kambi na mitaa iliyo salama, hata kama ni mwendo wa dakika kumi tu.

Lakini ninyi wakubwa tunawaomba mambo matatu. Kwanza, kila mahali pa kupokezana wasimame wazee wa pande zote mbili. Pili, mtoto akifika asiulizwe kabila lake. Apewe maji ya kunywa. Tatu, jioni nyumbani msiharibu kwa maneno ya chuki kile ambacho mtoto amejifunza mchana.

Skauti anafundishwa kuwa rafiki wa watu wote. Lakini atakuwaje rafiki wa jirani ikiwa baba yake anamkataza kumsalimu? Kijana anaweza kukimbia vizuri sana. Akifika asikute mkono wa kupokea, mbio zimeishia hapo.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Amani nayo ni mwana wetu. Zamani tuliwatuma watoto kubeba silaha. Safari hii tusiwatume peke yao. Tusimame njiani, mikono wazi, tuwapokee.