Samaki wa Masika

Msafiri atokaye Lindi akafika Nanganga, penye njia panda ya kwenda Ruangwa, aghalabu huyapita madimbwi ya masika pasipo kuyatupia jicho, maana huja na mvua za Desemba, na kiangazi kikikaza yamekwisha kuwa udongo uliopasuka nyufa. Kumbe katika madimbwi ya namna hiyo, tangu Unguja hata bonde la Mbwemkuru, huishi jamaa ya samaki wadogo, wengi wao wasiozidi urefu wa kidole, ambao wataalamu huwaita Nothobranchius. Yule wa Unguja, ambaye dume lake lina mkia mwekundu na mwili wa samawati, aliandikwa vitabuni mwaka 1893. Yule wa Mbwemkuru mwaka 2009, akapewa jina la Mholanzi Ruud Wildekamp, bingwa wa elimu ya samaki hao.

Dimbwi likaukapo wakubwa wote hufa, wakasalia mayai yaliyofukiwa topeni, na kilicho ndani ya yai husimamisha ukuaji wake kikangoja. Wala mayai hayaanguliwi yote kwa mvua ya kwanza: mengine husubiri, ili mvua ya kudanganya isije ikaangamiza kizazi kizima.

Hayo ni ya madimbwini; mijini nako siku hizi wako waungwana waliopamba sebule zao kwa tangi la kioo, wakachanganya humo samaki wa kila asili: mbuna wa Ziwa Nyasa, aliyezoea maji magumu na ambaye kwa hulka yake ni mgomvi, pamoja na neoni wa Amazon, ambaye kwao maji ni laini yenye uchachu kidogo. Ujirani huo mimi siuafiki. Mwenye tangi na ayajue kwanza maji yake, ndipo achague wakazi. Tena tangi jipya alipe majuma kadhaa, hata bakteria waenee wa kuigeuza amonia itokayo katika kinyesi, ambayo ni sumu kali, kuwa nitriti, kisha nitrati, yenye madhara haba.

Ama huyu wa madimbwini, ukimtia katika tangi la pamoja, maji ya daima ndiyo yatakayomkatia uzao: atataga, lakini mayai yatakosa kiangazi. Apewe chombo chake mwenyewe, chenye mboji chini. Mboji ikishapokea mayai ikamuliwe maji, itiwe mfukoni, ihifadhiwe penye joto kadiri ya miezi mitatu, kisha imwagiwe maji, na huenda siku iyo hiyo watoto wakaogelea. Chakula chake ni viluwiluwi vya mbu, ambavyo huku kwetu, tupende tusipende, havijapata kuadimika.

Na atakayewachoka asiwamwage katika dimbwi lolote alionalo njiani, kwani mabonde yana aina zake mbalimbali, na wa Unguja akichanganyika na wa Mbwemkuru, wataalamu wa miaka ijayo watashindwa kupambanua nani mwenyeji na nani mgeni.