Kabla ya Rangi, Lala Chini ya Gari

Leo tuingie uvunguni. Si uvungu wa kitanda, bali uvungu wa gari la zamani la michezo, lile ambalo mwenyewe amelipaka rangi mpya nyekundu, akang'arisha rimu, kisha Jumapili akatoka nalo mjini akipungia watu mkono. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndani ya gari la namna hiyo hamna mti, mna kutu.

Mfano wangu ni Datsun 240Z, kwa sababu gari hili lina jina huku kwetu. Lilitengenezwa Japani kuanzia 1969 hadi 1973, injini ya silinda sita na lita 2.4, boneti ndefu, viti viwili tu. Mwaka 1971 lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, dereva akiwa Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller. Mwaka 1973 likashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Mwaka ule Mehta alilingana alama na Harry Källström, naye pia akiendesha Datsun, na ushindi akapewa Mehta.

Basi wapo wanaosikia sifa hizo wakasema: gari lililovuka matope ya Safari litashindwaje na mashimo ya mjini? Ubishi wangu na watu hao ni huu. Gari la Safari lilikuwa jipya, na mafundi walilisubiri njiani na spana mkononi. Lako lina zaidi ya miaka 50. Mpira umekauka ukapasuka, shokapu zimevuja, na kama liliishi Mombasa au Dar es Salaam, hewa ya chumvi imelila usiku na mchana. Tena 240Z lina sifa mbaya ya kuoza sakafu na mihimili ya chini hata lisipoiona bahari.

Utalijuaje? Bonyeza pembe moja ya gari, uachie. Likiendelea kuyumba, shokapu zimekufa. Ukishika breki likavuta upande, au usukani ukizubaa, angalia mbele chini: kuna fimbo ya chuma inayozuia gurudumu lisirudi nyuma, na mwisho wake umeshikwa na bushi za mpira. Bushi hizo zikiisha, kila breki ni bahati nasibu. Na anayechezeshwa si wewe peke yako; yumo na mama anayevuka barabara na mtoto.

Kazi ngumu kuliko zote iko nyuma. Kila gurudumu la nyuma limebebwa na mkono mpana wa chuma, nao umeungwa na mguu wa shokapu kwa pini ndefu inayopita ndani ya bushi mbili. Katikati, pini hiyo imefungwa na kaboliti kadogo kenye umbo la kabari. Kutu huingia kati ya pini na bomba la chuma lililomo ndani ya bushi, ikavigandisha vikawa kitu kimoja. Fundi mwenye haraka huchukua nyundo kubwa. Anapiga, anapiga, kichwa cha pini kinatanuka kama uyoga, na sasa haitoki hata kwa dua. Mwingine huleta moto wa gesi. Mpira unawaka, moshi unajaa gereji, na pembeni pana bomba la shokapu lenye mafuta ndani. Hiyo ni kutafuta balaa.

Njia ya mwenye subira ni kutoa kwanza ile kabari, kumwagia mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa, kisha kuisukuma pini kwa mashine ya kukandamiza. Ikigoma, ikate kwa msumeno wa chuma kati ya mkono na mguu wa shokapu, kwa uangalifu usiguse kingine. Wenye gari huona uchungu kukata chuma cha asili. Uchungu huo siuelewi. Pini mpya hutengenezwa na kuuzwa. Mguu wa shokapu uliopasuliwa kwa nyundo si rahisi kuupata.

Na springi, jamani! Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Nati ya juu ya shokapu haifunguliwi kabla springi haijashikwa na vibano vyake maalumu. Kuifunga kwa waya au kamba ni kuchimba kaburi. Gari lenyewe likae juu ya stendi imara, si juu ya matofali, wala jeki pekee.

Vyuma vikishatoka, visuguliwe mpaka vionekane vyenyewe, ndipo uvitazame. Kutu ya juu juu haina neno: safisha, paka rangi ya kuzuia kutu. Lakini chuma kilicholiwa hadi kikawa chembamba, au chenye ufa, ni cha kutupa. Rangi haiongezi unene wa chuma, ingawa wauzaji wengine wa magari wanaishi kwa kutumaini kwamba hujui hilo. Shokapu na springi zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia.

Bushi je? Siku hizi zipo za plastiki ngumu, na vijana wanazipenda kwa kuwa gari halilali kwenye kona. Kwa barabara zetu mimi nabaki na mpira. Hasa kwenye ile fimbo ya mbele, kwani bushi ngumu huizuia isichezecheze, na fimbo isiyocheza huweza kukatika.

Wakati wa kurudisha, boliti za bushi za mpira ziwekwe bila kukazwa sana. Shusha gari likanyage chini kwa uzito wake, ndipo ukaze kabisa. Ukikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira utabaki umejipinda siku zote na utapasuka mapema, fedha yako imekwenda. Halafu peleka gari likapimwe mwelekeo wa magurudumu, uliendeshe polepole siku chache, urudi chini na spana kuangalia kila nati. Mwenye duka la rangi atakungoja.