Kuku Safi ni Kazi ya Mpangilio, si ya Maji Mengi

Mazungumzo kwa wafugaji, wauzaji wa kuku na wapishi wa nyumbani



Kuku ni kitoweo cha wageni na cha sikukuu. Ndiyo maana inasikitisha sherehe inapoishia zahanatini, watoto wakitapika na kuharisha. Kachumbari hulaumiwa, kumbe tatizo lilianzia kwenye ubao ilipokatiwa baada ya kuku.

Matumbo ya kuku, hata aliye mzima, huweza kubeba vijidudu vya Salmonella na Campylobacter. Havionekani kwa macho, wala kuganda kwenye friza si dawa ya kuvimaliza. Kazi ya mchinjaji na mpishi ni kuvizuia visifike kwenye sahani.

Kazi hiyo huanza kabla ya kisu. Kuku asilishwe kwa saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinjwa, ila maji apewe. Matumbo yakiwa matupu hayapasuki ovyo. Kuku mgonjwa asichinjwe ili kuokoa hasara. Aliyekufa mwenyewe ni kibudu: azikwe kwenye shimo refu, na afisa wa mifugo aarifiwe. Aliyetibiwa asubiri siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa.

Baada ya kuchinjwa, aning'inizwe kichwa chini damu itoke yote. Maji ya kunyonyolea yawe ya moto, kama nyuzi 60 za Selsiasi. Yakiwa yanachemka, ngozi huiva na kuchanika. Anayepasua akate ngozi peke yake, atoe matumbo yakiwa mazima, na aondoe nyongo bila kuitoboa. Firigisi ipasuliwe, changarawe zimwagwe, na utando wa manjano ubanduliwe.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kuku wa kuchinjwa nyumbani aoshwe papo hapo alipopasuliwa, mbali na vyombo vya chakula. Wa dukani, aliyekwisha kutengenezwa, hahitaji kuoshwa tena. Kumwosha chini ya mfereji jikoni ni kurusha matone machafu kwenye sahani na mboga. Maji huhamisha vijidudu. Moto ndio huviua.

Penye ubao mmoja, kachumbari ikatwe kwanza, kuku baadaye. Kisha ubao, kisu na mikono vioshwe kwa sabuni. Kuku mbichi akiwekwa kwenye friji, akae rafu ya chini, ndani ya chombo kilichofunikwa, asidondoshee vyakula vingine.

Kuku huwa salama akifika nyuzi 74 ndani ya nyama. Asiye na kipimajoto adunge paja karibu na mfupa: majimaji yakiwa bado mekundu, arudishwe motoni. Mabaki yasikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na yapashwe moto hadi yachemke.

Kwa wauzaji, Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti vichinjio vyake, huduma za mifugo na leseni za wanaouzia umma chakula. Lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila jiko. Mnunuzi asione haya kuuliza kuku alichinjiwa wapi na lini, na muuzaji mwema hatakosa jibu.