Jibu la Mashini Si Ruhusa ya Kutia Mkono

(Mazungumzo kwa wanachama wa viwanda vya chai, Kisii na Nyamira)



Sisi tulio katika viwanda vya chai, tangu Kebirigo na Nyansiongo mpaka Kiamokama na Ogembo, twaijua desturi ya kituo cha kununua majani. Kila mkulima ana namba yake. Karani huita namba, mwenyewe huitika, majani hupimwa.

Mashini za siku hizi husemezana vivyo hivyo kwa waya. Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ya Marekani ilitoa kanuni iitwayo Modbus, nayo ingali inatumika ulimwenguni. Mashini moja ndiyo karani. Nyingine hupewa namba, 1 hadi 247. Karani huuliza: "Namba 5, joto la kikausho ni kiasi gani?" Namba 5 hujibu. Asiyeulizwa hasemi neno. Jibu lisipofika kwa muda uliowekwa, karani huuliza tena au hutangaza hitilafu.

Basi yafaa tuangalie mambo mawili.

Kwanza, ukimya si usalama. Waya ukikatika, baadhi ya skrini huendelea kuonyesha hesabu ya mwisho. Twadhani ni joto la sasa, kumbe ni la zamani.

Pili, na hili ndilo kubwa. Karani akiamuru, "Namba 7, zima mota," namba 7 hurudisha maneno yale yale. Maana yake ni moja tu: amri imepokewa na kuandikwa. Haisemi kwamba roli za kusagia majani zimesimama. Swichi ya mota ikiungua na kugandana, umeme waendelea kupita hali jibu limekwisha kuja.

Kwa hiyo mtu asitie mkono mashinini kwa sababu skrini imesema imezimwa. Umeme ukatwe kwenye swichi kuu, kufuli itiwe, ufunguo ukae mfukoni mwa anayetengeneza, kisha ajaribu kuwasha apate hakika.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema mfanyakazi aripoti hatari kubwa, na mwajiri asimrudishe mahali pale hatari ikiwapo bado. Nasi twadai kufuli kwa kila fundi, na mafunzo kwa lugha tunayoielewa. Mkono ukikatika, hakuna jibu la waya litakalourudisha.

Umoja ni nguvu.