Neno la Katibu: Sare Mpya, Utu Mpya



 

Leo tunamshukuru Mungu kwa miaka 25. Kwaya hii ilianza mwaka 2000, Kanisa lilipokuwa likiadhimisha Jubilei Kuu, na sasa, mwaka 2025, tunasherehekea ndani ya mwaka mwingine wa Jubilei. Tulianza tukiwa waimbaji 14, ngoma mbili na kayamba moja. Kinanda kilikuja baadaye sana, kwa harambee yenu. Wenzetu tisa wametangulia mbele za haki. Tunawaombea pumziko la milele.

Imani tunayoiimba tuliipokea kwa waliotutangulia. Misheni ya Nyabururu ilianza mwaka 1911, na mwaka 1960 Jimbo la Kisii likazaliwa, Maurice Otunga akiwa Askofu wake wa kwanza. Babu na nyanya zetu walipobatizwa walipewa jina jingine juu ya lile la ukoo. Kemunto akawa Tereza, Nyakundi akawa Petro. Jina hilo lilitangaza kwamba huyu sasa ni mwana wa Mungu, na watu wote wamtendee hivyo.

Mmeziona sare zetu mpya. Tulizichangia kwa miezi minane. Lakini tulipoketi kuandaa kijitabu hiki, tulikubaliana tusiandike habari za sare na vikombe vya mashindano peke yake. Kuna jambo ambalo tulikosea kama kwaya, na tunataka watoto wetu walisome. Mwenyewe ametupa ruhusa tulisimulie. Jina lake ameomba tuliache.

Miongoni mwa wale 14 wa kwanza alikuwamo mama mmoja wa sauti ya pili. Wengi wetu tulifundishwa naye kushika sauti. Mwaka 2019 mtoto wa jirani yake aliugua ghafla akafariki. Kabla matanga hayajaisha, neno likaanza kutembea kijijini: omorogi. Nani alilianzisha hatujui. Tunachojua ni kwamba mama huyo ni mjane, na kulikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba lake la chai. Tunajua pia kwamba neno hilo lilipofika kwenye kwaya, hatukulizuia.

Hakuna aliyemtukana. Tulifanya mambo madogo madogo. Kwenye benchi la sauti ya pili, nafasi iliyo kando yake ilibaki wazi. Alipoleta ndizi siku ya mazoezi, kila mtu alisema ameshiba. Jioni hakupata wa kuandamana naye. Ujumbe ulipita kwenye kundi letu la WhatsApp. Wengine wakacheka, wengine tukanyamaza. Rejista ya mahudhurio tunayo hadi leo. Jina lake lina alama ya kuhudhuria mpaka Novemba, halafu limeandikwa "hayupo", "hayupo", "hayupo". Tuliandika kwa mkono wetu, wala hatukuuliza yuko wapi. Na kila Jumapili tuliimba juu ya upendo.

Oktoba 2021 akina mama wanne wazee waliuawa huko Marani kwa tuhuma za uchawi. Wengi wetu tulikumbuka pia Mei 2008, watu 11 walipochomwa moto na umati katika nchi yetu hii ya Gusii. Jumamosi iliyofuata tulikutana kwa mazoezi, na wimbo haukutoka. Kijana mmoja wa sauti ya nne akauliza, "Na mama yetu je?"

Kesho yake, baada ya Misa, tulimwendea pamoja na Baba Paroko. Alifungua mlango baada ya kuitambua sauti ya Baba. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mmekuja wangapi?" Baadaye alitueleza kwamba kwa karibu miaka miwili alikuwa akilala na viatu miguuni, ili akisikia kelele usiku aweze kukimbia. Nyumba yake haifiki kilomita moja kutoka kanisani.

Alitupikia chai. Vikombe vilikaa mezani. Mzee wetu wa sauti ya nne akachukua chake, akanywa chote, akaomba kingine. Ndipo nasi tukanywa. Tulimwomba msamaha. Hakutujibu siku hiyo; alisema anahitaji muda.

Wenzetu sita waliiacha kwaya, wakisema tunajiletea balaa. Wenye chai mnaelewa. Mchai ukishapogolewa hubaki vijiti vitupu, na kwa miezi kadhaa huna cha kupeleka kituoni. Apitaye njiani hudhani umeharibu shamba. Krismasi ile tuliimba kwa sauti tatu, na tuliimba vibaya.

Katika Mkesha wa Pasaka wa 2022 taa zilizimwa, tukasimama kurudia ahadi za ubatizo. Kila mwaka tunaulizwa kama tunamkataa Shetani na kazi zake, na miaka yote tulijibu haraka haraka. Usiku ule tulijua kwamba kazi yake mojawapo tuliifanya sisi, kwa kunyamaza. Mama yetu aliingia akiwa na mshumaa usiowaka. Alikwenda mahali pake pa zamani, akamgeukia mwenzake wa sauti ya pili, akawashia kwake. Tangu siku hiyo hajakosa mazoezi, na leo yuko nasi hapa mbele, katika sare.

Mtume Paulo anaulinganisha ubatizo na kuvaa. Sare hii tutaivua jioni. Kristo tuliyemvaa hatuna ruhusa kumwacha langoni tukienda sokoni au tukifungua simu. Na kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinafundisha kwamba mwaka wa jubilei watumwa hufunguliwa na aliyepoteza ardhi hurudishiwa. Basi hatuwezi kukata keki ya jubilei huku jirani amefungwa na neno letu.

Kwa hiyo tumeazimia mambo matatu. Kwanza, mwimbaji akikosa mazoezi mara mbili, tutamwendea nyumbani. Pili, hakuna atakayemwita mtu omorogi kati yetu, na ujumbe wa namna hiyo utakemewa palepale. Tukisikia maisha ya mtu yamo hatarini, tutamjulisha chifu na polisi usiku uleule. Tatu, mara moja kwa mwezi tutafanya mazoezi nyumbani kwa mzee anayeishi peke yake, na tutakula atakachotupa.

Tunawaomba jumuiya zote ndogo ndogo mfanye nasi hivi. Kati ya wale sita walioondoka, wanne wamerudi. Wawili waliobaki, kama mnasoma haya, nafasi zenu zipo, na sare zenu zimeshonwa.

Mungu awabariki nyote.

Kwa niaba ya kwaya,
Katibu